Filamu za nyumbani hazihitaji mashine mpya
Anayetaka kurusha filamu zake nyumbani kwa Jellyfin, programu huria isiyo na ada iliyochipuka kutoka programu ya Emby mwaka 2018, asikimbilie mashine mpya. Kazi nzito si kuhifadhi filamu, bali kuigeuza papo kwa papo pale simu au televisheni inaposhindwa kuisoma. Kompyuta ya Raspberry Pi 5 ni ndogo na haili umeme mwingi, lakini chipu yake haina sehemu maalumu ya kusimba video, hivyo mzigo huo huiangukia prosesa. Kompyuta ndogo ya ofisi ya mtumba yenye Intel Core i5-7500T ina Quick Sync, sehemu ya aina hiyo inayoifanya kazi hiyo bila kuhema, hata video ikiwa ya umbizo la HEVC la biti 10.

Watasema mtumba hauna dhamana na unakula umeme. La dhamana ni kweli mara nyingi. Basi iwashe dukani, sikiliza feni na kagua diski kabla ya kulipa. La umeme limetiwa chumvi, kwani kompyuta hiyo ikitulia hutumia takriban wati 10. Ni kweli pia kwamba televisheni ikisoma kila faili, Pi inatosha. Lakini nyumba yenye vifaa mchanganyiko haibahatiki hivyo. Uliza kwanza namba ya prosesa, ndipo uulize bei.