Mastaa wa Mkorogo Wanachubua Ngozi za Watu, Kisha Wanauza Dawa ya "Aleji"

Majina yamewekwa kapuni, ila wenyewe wanajijua. Ni wale mastaa wa Bongo ambao zamani walijulikana kwa muvi au wimbo, siku hizi wanajulikana kwa vikopo. Usiku wanaingia laivu, taa imewaka usoni, filta imekaa mahali pake, mkononi kikopo cheupe kisichokuwa na lebo ya maana. "Siku saba tu mrembo, ngozi inateleza." Bei haitajwi hadharani. Njoo inboksi.

Mzigo unapanda basi mpaka Kahama. Kutoka hapo unaingia Ushetu kwa bodaboda: Nyamilangano, Uyogo, Ulowa. Pesa ya tumbaku ikitoka, oda zinamiminika. Na anayepokea kikopo mara nyingi ni binti ambaye tatizo lake halikuwa weusi. Tatizo lake lilikuwa kiangazi.

Uongo wote unaanzia hapo. Kiangazi cha Shinyanga, kuanzia kama Juni mpaka Oktoba, hewa ni kavu, jua kali, vumbi halikauki njiani. Ngozi inapoteza maji. Ikikosa maji inavuta baada ya kuoga, inapauka, inawasha, inachoma hata kwa sabuni iliyozoeleka. Na inaweza kung'aa mafuta kwenye paji la uso huku mashavu yanabanduka, maana kukosa maji na kukosa mafuta ni vitu viwili tofauti. Mtaani ngozi hiyo inaitwa "ya aleji". Mara nyingi wala si aleji. Ni ukuta uliobomoka.

Ngozi ya juu kabisa imejengwa kama nyumba ya tofali. Chembe za ngozi ndizo tofali, na mafuta ya asili yaliyo katikati yake ndiyo udongo wa kushikilia. Udongo ukilika, maji ya ndani yanatoka na vya nje vinaingia: vumbi, sabuni, manukato. Ngozi ya hivyo inataka kuzibwa nyufa. Staa wa kikopo anailetea nyundo.

Kilichomo kwenye mikorogo kinajulikana, hata kama lebo imenyamaza: haidrokwinoni, steroidi kali kama klobetasoli, na wakati mwingine zebaki. Steroidi ndiyo inayofanya ushuhuda uwe mtamu. Siku za mwanzo inatuliza kuwasha na wekundu, kwa hiyo binti anapiga picha na kutuma, staa anaiposti. Baada ya miezi ngozi imekuwa nyembamba, michirizi imejitokeza, mishipa inaonekana. Akiacha kupaka, uso unawaka moto. Haidrokwinoni nayo, ikitumika muda mrefu, inaweza kuacha mabaka meusi ya kibluu ambayo hayatoki kirahisi. Ndiyo ile ya uso Fanta, vidole Coca-Cola.

Sasa ndipo biashara inapokolea. Binti akirudi inboksi kulalamika, anajibiwa kwa upole: "Pole mpenzi, ngozi yako ina aleji. Chukua na hiki cha kutuliza." Kikopo cha pili, hela ya pili. Aliyeunguza ndiye anauza dawa ya moto.

Kwa ukanda wa dhahabu jambo hili lina uchungu wake. Kaka yake binti huyo huenda yuko kwenye mwalo upande wa Geita, anaosha mchanga na kukamata dhahabu kwa zebaki. Yeye angalau ameshaambiwa: usishike kwa mikono mitupu, usichomee karibu na jiko la nyumbani, usivute moshi wake. Dada yake anapaka zebaki usoni kila usiku na kuambiwa ni urembo. Kwenye krimu inakuwa chumvi ya zebaki, si ile ya majimaji ya mwaloni, lakini madhara hayana urembo: inapita kwenye ngozi, inaumiza figo, na kwa mjamzito inaweza kumfikia mtoto. Hata taulo moja linatosha kuisambaza nyumba nzima.

Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliteketea kwa kula samaki wenye zebaki, unagusa vyote viwili, uchimbaji mdogo na vipodozi. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 kazi ya kudhibiti vipodozi iko TBS. Kwa hiyo staa asijifanye hajui. Inboksi ipo kwa sababu anajua.

Watetezi wao wana jibu tayari: "Mwili wake, hela yake, wivu wa nini?" Sawa, mwili ni wake. Lakini kuchagua ni kujua unachochagua. Binti asiyeambiwa kilichomo kwenye kikopo hakuchagua chochote, amechaguliwa. Na kichanga kinachonyonya huku shavu limegusa kifua kilichopakwa, chenyewe kiliulizwa lini?

Wengine watasema hakuna njia nyingine, ngozi imeshagoma. Ipo, na haina utajiri ndani yake, ndiyo maana haiingii laivu. Kuoga kwa maji ya vuguvugu, haraka, na sabuni isiyo na manukato. Dodoki na jiwe vikae mbali na uso, pamoja na ndimu, magadi na dawa ya meno. Mwili ukiwa bado na unyevu, gliserini iliyochanganywa na maji, kisha mafuta ya mgando juu yake yasiyo na harufu ili maji yasitoroke. Kofia au mwavuli juani. Kitu kipya kijaribiwe kwanza siku kadhaa sehemu ndogo ya ndani ya mkono. Maji ya kunywa ni muhimu, ila lita nne hazitaziba ukuta ambao kila usiku unabomolewa.

Na aliyekwisha kutumia mkorogo miezi mingi aende hospitali, abebe na kikopo chenyewe. Kuacha steroidi ghafla peke yake kunaweza kumtesa, na daktari akijua kilichopakwa anajua pa kuanzia. Hakuna aibu hapo. Aibu ni ya muuzaji.

Mastaa wenyewe wanaweza kumaliza ubishi huu kwa dakika tano. Laivu ijayo wazime filta, wageuze kikopo mbele ya kamera, wasome viambato kimoja baada ya kingine, waonyeshe na alama ya TBS. Wakishindwa, binti wa Nyamilangano hana sababu ya kutuma hela. Gliserini ipo dukani, na imeandikwa jina lake.