Shavu likivimba, jino ndilo la kutibiwa

Huku kwetu Miyuji, Dodoma, mtu akivimba shavu kwa sababu ya jino, kwanza anakwenda duka la dawa, anauziwa amoksilini, uvimbe unapungua, anaona amepona. Hajapona. Chanzo ni jino lililooza, na vidonge havifiki ndani ya jino lililokwisha kufa. Tiba yenyewe ni kuutoa usaha, kisha kung'oa jino au kusafisha na kuziba mzizi wake. Dawa ni za kusaidia, hasa uvimbe unaposambaa au homa inapopanda. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi yanatuliza, lakini jamani, msitoboe jipu kwa sindano nyumbani.

Uvimbe ukishuka chini ya taya pande zote mbili, ulimi ukainuka, mate yakawa hayamezeki, hiyo ndiyo hatari ambayo daktari Mjerumani Ludwig aliieleza tangu 1836: inaziba njia ya hewa. Hapo msisubiri kupambazuke. Kutoka Miyuji hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma si mbali. Mpelekeni mgonjwa usiku huohuo.