Mnazika kompyuta ingali hai

Majuzi, baada ya misa, katibu wa parokia moja ya hapa Songea (siitaji, wenyewe wanajijua) alisimama wakati wa matangazo akaomba mchango wa kompyuta mpya ya kitengo cha habari. Ile ya zamani, alisema, "imeungua na umeme." Feni zinazunguka, taa inawaka, inapiga mlio, ila skrini nyeusi tii. Waumini wakaguna kwa huruma, bahasha zikaanza kupita. Mimi niliguna pia, ila yangu haikuwa huruma.

Feni zinazunguka. Taa inawaka. Inapiga mlio. Maiti gani hiyo, ndugu zangu?

Kompyuta ya mezani ikiwashwa, kabla haijaleta picha yoyote hujikagua: kumbukumbu ipo? Kadi ya picha ipo? Ikiikosa kadi haina pa kuandikia malalamiko, kwa hiyo hupiga mlio. Kwenye mashine nyingi za miaka ya nyuma, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi maana yake tatizo lipo upande wa kadi ya picha. Haisemi kadi imeungua. Inasema siioni. Na kisichoonekana, kabla hujakifanyia matanga, kitafute kwanza. Mara nyingi kimesogea tu.

Kadi ile huchomekwa kwenye sloti ya madabodi kwa ukingo uliopangwa vipande vyembamba vilivyopakwa dhahabu. Sloti ndefu za aina ya PCI Express, ambazo zimekuwepo tangu miaka ya 2000, zina nafasi 82 za kugusana kila upande, jumla 164. Kadi ikiinuka kidogo tu upande mmoja, baadhi ya vipande haviguswi, na picha hupati. Tena kadi zenyewe zimenenepa. Zina feni mbili na bonge la alumini, zinaning'inia kwa ubavu ndani ya kasha lililosimama wima, mchana zinapata moto, usiku wa Julai wa hapa kwetu zinaganda. Zinatanuka, zinasinyaa, zinajisogeza. Sloti hutoa wati 75 na si zaidi, kwa hiyo kadi kubwa inadai waya wake wenyewe kutoka pawa saplai, na waya huo nao una tabia ya kulegea.

Halafu fikirieni zilivyofika hapa. Nyingi ni mtumba wa Ulaya, zimetoka kwenye kontena bandarini, zikalala Kariakoo, kisha zikatupwa kwenye buti la basi kwa safari ya kilomita karibu elfu moja. Zimepigwa kona za Lukumburu huku zimelaliwa na mabegi na ndoo za watu. Stendi zikapandishwa bodaboda, na kijana wa bodaboda wa mji huu tuta halimpunguzii mwendo, linamwongezea hamasa (hilo nitaliandikia makala yake). Mashine imetikiswa kutoka Dar mpaka Lizaboni, ikifika haionyeshi picha, mnasema umeme!

Sina undugu na TANESCO, na nina madai yangu nao. Najua pia imani hii ilikozaliwa. Mji ulipokuwa ukiendeshwa kwa jenereta za dizeli, umeme ukienda na kurudi upendavyo, kila kilichokufa kilikuwa na muuaji wake tayari. Lakini tangu mwaka 2018 tumeungwa kwenye gridi ya taifa kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na bado fundi hajavua hata kofia ameshatamka "umeme." Haya, umeme huo mkali umeingia kwenye kasha. Umeipita pawa saplai, ambayo ndiyo inayosimama mlangoni, haukuigusa. Umeiruka madabodi. Umeiamkia kumbukumbu kwa adabu. Ukaenda kuiunguza kadi peke yake, na kuiacha kompyuta iko macho kiasi cha kulalamika kwa mlio? Umeme wa namna hiyo una chuki binafsi.

Bombambili kuna kijana anahariri video za harusi na kipaimara. Alishaambiwa kadi yake imekwisha, akawa anaulizia bei ya mbuzi wake wawili. Nikamwambia, "Kijana wangu, hebu fungua kwanza tuone." "Mzee, hiki kitu fundi amekipima." Alikipima kwa macho, nadhani, tena kwa nje. Tulichomoa waya ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa umeme uliosalia uishe, akagusa chuma cha kasha, akafungua ubavu. Kadi ilikuwa imeinamia chini. Skrubu zilizopaswa kuishika kwenye kasha hazikuwepo. Fundi aliyepita aliondoka nazo. Akakibonyeza kile kikufuli cha plastiki kilicho mwisho wa sloti, akaivuta, na vumbi jekundu la Songea likamwagika mezani kama unga wa ulezi. Tukasugua ule ukingo wa dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, tukapangusa kwa kitambaa kikavu, tukapuliza sloti. Akairudisha akisukuma ncha zote mbili kwa usawa mpaka kikufuli kikalia "ka!" Skrubu tukaazima kwenye redio mbovu. Akachomeka waya wa pawa saplai, akahakikisha waya wa monita umeingia kwenye kadi yenyewe na si kwenye tundu la madabodi (kosa hilo nalo limeshauza kadi nyingi mpya). Akawasha. Bibi harusi akatokea kwenye skrini akiwa amekunja uso kwenye keki, vilevile kama alivyoachwa.

Nilipolisema hili kijiweni, bwana mmoja akanijia juu: "Sasa, mzee, kila mtu akifungua mwenyewe, mafundi watakula nini?" Kwa hoja hiyo tusichemshe maji ya kunywa, madaktari watalala njaa. Tusifunge mlango usiku, polisi watakosa kazi. Mwingine akasema vifaa hivi ni nyeti, vimetengenezwa na Wazungu kwa mashine. Ndiyo, na kikufuli kile kimewekwa na Wazungu haohao ili mtu aweze kuitoa kadi na kuirudisha kwa mkono.

Na Wazungu wenyewe hawakupona. Oktoba 2022 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilianza kuuza kadi yake ya RTX 4090 kwa dola 1,599. Muda si mrefu watu wakaanza kuonyesha plagi zilizoyeyuka. Novemba mwaka huohuo kampuni ikatoa maelezo: jambo lililojirudia ni plagi ya umeme kutosukumwa mpaka mwisho. Dola 1,599, na tatizo ni kusukuma! Mtu wa California anasahau kusukuma, sembuse kadi iliyopita Lukumburu?

Lawama nyingine naipeleka shuleni. Watoto wetu wanasoma somo la kompyuta kwa kuchora kompyuta kwenye daftari. Wanapiga mstari, wanaandika "hii ni monita," wanapewa vema. Nimekutana na waliofaulu vizuri ambao hawajawahi kuona ndani ya kasha, na wakiliona wazi wanarudi nyuma kana kwamba kuna nyoka. Ofisini ndiyo usiseme. Kompyuta ikigoma kuonyesha picha inaandikwa "mbovu," inapelekwa stoo, bajeti ya mpya inaombwa, na stoo ya taasisi moja ninayoijua imejaa makasha ambayo hakuna aliyethubutu kuyasukuma kadi.

Kadi huungua, sikatai. Feni ikikwama, ukisikia harufu, ukiona alama nyeusi, hapo tutaelewana. Hata hivyo ukiwa na madabodi yenye tundu lake la picha, itoe kadi, chomeka monita hapo, uone. Picha ikija, umejua mashine ni nzima na shaka imebaki kwa kadi au sloti yake. Jaribio hilo halina gharama, ndiyo maana halifanywi.

Na hapa wateja msijifanye watakatifu. Fundi akikwambia kadi mpya ni laki tatu, unaguna, unakopa, unalipa. Akikwambia "nimeitoa, nimeisafisha, nimeirudisha, nipe elfu kumi," unawaka: "Elfu kumi ya kusukuma tu?" Basi naye amejifunza. Amejua kwamba mji huu unalipia kifaa na kuukatalia ujuzi, kwa hiyo anakuuzia kifaa. Mimi elfu kumi ya kusukuma nitailipa, na ya soda nitaongeza, mradi asukume mbele yangu na skrubu zangu asiondoke nazo.