Mtoto wa Ndoa ya Kwanza Mbele ya Mirathi ya Wahindu

Mgane anapooa tena, watu huuliza kama mke mpya atawapenda watoto aliowakuta. Wachache huuliza swali la pili, ambalo huzuka siku baba anapofariki: watoto hao watapata nini? Nchini India swali hilo lina jibu la maandishi tangu mwaka 1956, ilipotungwa Sheria ya Mirathi ya Wahindu. Sisi tunaoishi jirani na Wahindu Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam tunafanya vyema kulisoma jibu hilo, kwa maana sehemu yake moja ni haki tupu, na nyingine ina upungufu ambao mimi siwezi kuutetea.

Nianze na iliyo njema. Mwanaume Mhindu akifa bila wosia, mali yake mwenyewe huwaendea kwanza wana, mabinti, mjane na mama mzazi wa marehemu, pamoja na wazao wa mtoto aliyetangulia kufa. Sheria haiulizi mtoto alizaliwa na mke yupi. Tuseme mtu alifiwa na mke akiwa na watoto 2, akaoa tena na kupata mtoto 1, kisha akafa akimwacha mjane na mama yake. Mali itagawanywa mafungu 5 yaliyo sawa. Mjane hawezi kudai kwamba wale 2 wa kwanza wagawane fungu moja kwa kuwa zamu ya mama yao ilikwisha pita. Na kama ndoa ya kwanza ilivunjwa kwa talaka, mke aliyeachwa hana fungu, lakini watoto wake wanalo kamili. Mali ya ukoo ina kanuni zake, ila hata humo marekebisho ya mwaka 2005 yamempa binti haki kwa kuzaliwa sawa na kaka yake, awe wa mke wa kwanza au wa pili.

Upande wa mama ni vivyo hivyo. Mwanamke aliyeolewa mara mbili akifa bila wosia, watoto wa ndoa zote mbili hurithi kwa usawa, pamoja na mume aliyebaki. Ili kuona uzito wa jambo hili, kumbuka sheria ya mwaka 1856 iliyowaruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena. Ilimruhusu mjane kuolewa, lakini ilimwondolea haki yake katika mali ya marehemu mumewe kana kwamba naye amekufa siku hiyo!

Tatizo ni kwamba sheria njema inaweza kufia sebuleni. Mtoto wa ndoa ya kwanza pengine alilelewa kwa wajomba, mbali na nyumba ya baba. Orodha ya warithi inaandikwa na waliopo msibani, na jina lake linasahauliwa, au tuseme linasahaulishwa. Akitokea baadaye anaambiwa kwamba aliyeondoka nyumbani amejitoa mwenyewe. Si kweli, kulelewa kwingine hakufuti fungu. Binafsi nauita huo wizi, hata ukifanywa na watu waliovaa nguo za maombolezo. Tena ipo njia ya mkato: sheria inamruhusu Mhindu kumwachia amtakaye, kwa wosia, mali aliyoichuma mwenyewe. Baba mgonjwa anayeuguzwa na familia ya pili anaweza kushawishiwa atie sahihi karatasi inayowaacha mikono mitupu watoto wa kwanza.

Sasa nije kwenye upungufu. Mke wa pili naye huenda alikuja na binti wa ndoa yake ya awali. Binti huyo amekua mikononi mwa baba wa kambo, anamwita baba, na mwishoni ndiye aliyemuuguza. Baba akifa bila wosia, binti hapati kitu, kwa sababu hayumo kabisa kati ya warithi wake. Mwaka 1987, katika shauri la Lachman Singh dhidi ya Kirpa Singh, Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba hata katika mirathi ya mwanamke neno “wana” halimjumuishi mwana wa kambo. Huyo husubiri hadi pasiwepo mtoto wa mama huyo wala mume, ndipo aingie kwa jina la mrithi wa mume.

Naielewa hoja yao: damu inahesabika, mapenzi hayahesabiki. Lakini sheria nyingine ya Wahindu ya mwaka 1956, ile ya kuasili na matunzo, inamhesabu mama wa kambo asiye na mtoto kuwa mzazi, na mtoto wa kambo anawajibika kumtunza. Ukitafuta mtoto wa kambo katika orodha ya wategemezi wanaotunzwa kutokana na mali ya marehemu, humwoni. Wajibu unakwenda upande mmoja tu. Kuasili nako kuna kikwazo: kwa sheria hiyohiyo, mwenye mwana Mhindu aliye hai hawezi kuasili mvulana mwingine, na mwenye binti hawezi kuasili msichana.

Kenya imechukua njia nyingine, na Wahindu wa huko wamo ndani yake. Chini ya Sheria ya Mirathi iliyoanza kutumika mwaka 1981, mtoto wa kambo aliyekuwa akitunzwa na marehemu hadi kifo chake anaweza kuiomba mahakama impatie sehemu katika mali. Hafanywi mrithi sawa na waliozaliwa, lakini anasikilizwa. Kwa maoni yangu India ingefaa kuiga hilo.

Waseminari wenzangu mnaijua Kanuni ya 1071 ya Sheria za Kanisa: padre asisimamie, bila ruhusa ya mamlaka ya jimbo isipokuwa kwa dharura, ndoa ya mtu mwenye wajibu wa asili kwa watoto wa muungano uliotangulia. Nina hofu kwamba tunaitendea kama fomu ya kujazwa tu. Mgane anapokuja ofisini na mchumba wake, waulizwe wote wawili, kila mmoja akimsikia mwenzake: watoto waliotangulia ni wangapi, wanaishi kwa nani, na majina yao yameandikwa wapi?