Msaada wa kutafuta kazi uwafikie wahitimu wa vijijini

Napenda kuwaeleza wananchi wenzangu, na hasa viongozi wanaohusika, jambo linalotusumbua sisi tunaoishi vijijini. Jambo lenyewe ni hali ya vijana wetu waliomaliza vyuo vikuu, na namna wanavyohangaika kutafuta kazi bila ya mtu wa kuwashika mkono.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 2012, na mwaka uliofuata jina langu likatoka katika orodha ya Serikali pamoja na wilaya niliyopangiwa. Sikuandika barua ya maombi wala sikuketi mbele ya wasaili. Nilifunga mizigo yangu nikaripoti kazini. Utaratibu huo wa kuwapangia walimu vituo moja kwa moja ulikoma baada ya mwaka 2015, na tangu hapo mwalimu naye huomba kazi na kushindana kama waombaji wengine.

Wazee wetu wanakumbuka hali nyingine kabisa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kikiwa bado chuo kishiriki, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini. Katika miaka ya 1960 na 1970 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa wataalamu, na kijana aliyesomeshwa na Serikali alijua kwamba Serikali hiyo hiyo itampangia kazi. Leo tuna makumi ya vyuo vikuu, umma na binafsi, na wahitimu ni maelfu kwa maelfu kila mwaka. Hayo ni maendeleo, na hakuna mtu mwenye busara anayetaka turudi nyuma. Lakini mawazo ya wazazi wengi kijijini yamebaki kule kule, kwamba digrii ni sawa na kazi.

Hebu tutazame tarakimu chache. Mwezi Juni 2014 waombaji zaidi ya elfu kumi walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 tu za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walipita 130,000. Maana yake ni kwamba kila nafasi moja iligombewa na watu zaidi ya themanini. Hapo ndipo tulipofikia.

Msomaji anaweza kuniuliza: ikiwa nafasi zenyewe ni chache namna hiyo, msaada wa kutafuta kazi utaleta faida gani? Swali hilo ni la haki. Nakiri kwamba kumfundisha kijana kuandika barua ya maombi hakuongezi hata nafasi moja ya ajira. Lakini kunaongeza haki. Katika watu themanini wanaogombea nafasi moja, yuko aliyeliona tangazo siku ile ile lilipotoka, mwenye kompyuta nyumbani na mjomba ofisini wa kumwelekeza. Na yuko mwingine aliyelisikia zikiwa zimebaki siku mbili, akiwa shambani, simu yake haina chaji. Hao wawili hawajashindanishwa kwa akili wala kwa vyeti. Wameshindanishwa kwa mahali walipozaliwa.

Nitatoa mfano ninaoufahamu vizuri. Yuko kijana wa kijijini kwetu niliyemfundisha darasa la saba mwaka 2013. Alikwenda sekondari, akamaliza kidato cha sita, akapata mkopo wa Bodi ya Mikopo, na mwaka 2023 akahitimu shahada ya maendeleo ya jamii. Baba yake aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya nauli na matumizi ambayo mkopo haukuyafikia. Siku aliporudi na joho lake lilipigwa vigelegele.

Maombi yake ya kwanza yalikataliwa kwa sababu aliambatisha karatasi ya matokeo badala ya cheti, ingawa matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema waziwazi kwamba karatasi za matokeo hazikubaliki. Kijana hakuwahi kuonyeshwa tangazo la kazi na mtu yeyote kwa miaka yote mitatu ya chuo. Mara ya pili tatizo lilikuwa jina. Cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa vina jina moja, na vyeti vyake vya shule vina jingine. Ikabidi aende wilayani kutafuta wakili wa kumwandikia kiapo, na aliporudi muda wa kutuma maombi ulikuwa umekwisha.

Ndugu Mhariri, jambo hili la jina limeninyima usingizi, kwa sababu kosa hilo ni langu. Mimi ndiye niliyejaza fomu za kusajili watahiniwa wa darasa la saba mwaka ule. Nililiandika jina tulilozoea kumwita darasani, wala sikumwomba mzazi cheti cha kuzaliwa. Wakati ule niliona ni jambo dogo. Miaka kumi baadaye kosa la kalamu yangu likamfungia mlango mtoto wa mkulima. Nimemwomba radhi yeye na baba yake. Mzee yule hakunigombeza, ila aliniambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyesema asome." Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi.

Hasara haiishii kwa kijana mmoja. Msimu uliopita mzazi mwingine alimtuma mwanawe kuchunga katikati ya muhula, na nilipomfuata aliniuliza kama nataka naye asome ili aje akae kijiweni kama yule mwenye digrii. Sikuwa na jibu la haraka. Hivyo mhitimu mmoja akikaa bila ya kazi kijijini, watoto wengi wadogo wanaomtazama huweza kukata tamaa, na sisi walimu tunabaki na madawati matupu.

Sisemi kwamba Serikali haijafanya kitu. Sekretarieti ya Ajira, iliyowekwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, imesaidia kupunguza ule mtindo wa kila ofisi kuajiri kwa kujuana. Maombi hutumwa kwa Ajira Portal bila ya mtu kusafiri na bahasha, barua ya maombi inaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili, na aliyefaulu usaili akakosa nafasi jina lake huwekwa kwenye kanzidata ili afikiriwe nafasi ikipatikana. Hali kadhalika usaili wa walimu wa mwaka 2025 ulifanyika mikoani, jambo lililowapunguzia vijana wengi nauli ya kwenda Dodoma. Hizo ni hatua za kupongezwa. Ninachosema ni kwamba hatua hizo bado hazijamfikia yule aliye mwisho wa barabara. Hivyo napendekeza yafuatayo.

Kwanza, kila ofisi ya kata iwe na ubao wa matangazo ya kazi. Mtendaji wa Kata au Afisa Maendeleo ya Jamii ayachapishe na kuyabandika mara yanapotoka, kama tunavyobandika matangazo ya mikutano. Katika kata ambako shule ya sekondari ina kompyuta, wahitimu waruhusiwe kuzitumia siku moja kwa wiki, baada ya masomo, chini ya uangalizi wa mwalimu. Gharama yake ni ndogo.

Pili, vyuo vikuu visimwage wahitimu kama mahindi kwenye turubai na kuondoka. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho afundishwe kusoma tangazo la kazi, kuandika wasifu wake, kufungua akaunti ya maombi, na kufanya usaili wa majaribio. Vyuo pia viwafuatilie wahitimu wao na kutangaza wangapi wamepata kazi na katika fani zipi, ili mzazi anayeuza ng'ombe ajue anaununulia mtoto wake nini.

Tatu, kijana asifundishwe kungoja ajira ya Serikali peke yake. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Huku kwetu sijaona kikundi hata kimoja cha wahitimu wa chuo kikuu kilichoiomba. Wengine wanaona haya, wengine hawajui pa kuanzia. Wakielekezwa, elimu yao ya hesabu na mipango itavifaa hata vikundi vya wenzao ambao hawakusoma.

Nne, wananchi waelimishwe kuhusu matapeli wanaopiga simu na kudai fedha ili wamwingize mtu kazini. Mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe wawili ni rahisi kushawishiwa auze wa tatu. Atakayeombwa fedha ili apewe kazi ajue anaibiwa, na atoe taarifa TAKUKURU au polisi.

Mwisho nawageukia walimu wenzangu. Kazi ya kumsaidia mhitimu haianzi chuo kikuu. Inaanza kwetu, siku tunapoliandika jina la mtoto katika rejista. Tudai cheti cha kuzaliwa, na ambaye hana tumwelekeze mzazi wake akakitafute mapema. Mimi tangu mwaka jana sijazi fomu yoyote kabla sijalilinganisha jina na cheti, herufi kwa herufi. Tena tuwaambie wazazi ukweli kwamba shule haitoi hati ya kupata kazi, bali inampa mtoto uwezo wa kuitafuta na kuitengeneza. Tukiwadanganya leo, kesho watakapogundua hawatatuamini tena.

Kijana wangu yule sasa majina yake yamesahihishwa, na ametuma maombi mengine. Huja nyumbani kwangu jioni tukayapitia pamoja kwenye simu yangu. Sijui kama atapata. Lakini safari hii, akikosa, asikose kwa sababu ya kalamu ya mwalimu wake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iramba, Singida.