Meli zilizosimama ziwani na foleni za Busia

Foleni za malori mpakani Busia na Malaba, wilayani Tororo, kwa kawaida huelezwa kuwa ni shida ya forodha. Sehemu ya chanzo chake iko ziwani. MV Uhuru, meli ya Kenya ya kuvusha mabehewa iliyoundwa Glasgow na kuzinduliwa 1966, ilikaa Kisumu zaidi ya miaka kumi bila kazi. Upande wa Uganda, MV Kabalega ilizama Mei 2005 baada ya kugongana na MV Kaawa, nayo Kaawa ikasimama kwa miaka mingi. Shehena iliyokuwa ikivuka majini ikahamia barabarani.

Uhuru ilirejea mwishoni mwa 2019, baada ya kukarabatiwa kwa mkono wa wanamaji wa Kenya, ikapeleka mafuta Port Bell.

Lakini kusimamisha meli si kuifunga kamba na kuondoka. Maji yenye mafuta hujikusanya chini ya injini. Yasipovutwa kwa pampu, siku kutu itakapotoboa bamba yatamwagika. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi. Ghuba ya Winam, iliko Kisumu, ina mlango mwembamba na tayari imelemewa na magugu maji. Wavuvi wa Majanji na Sio Port wako nje ya ghuba hiyo, ila ziwa ni moja.

Sherehe za kuzindua meli hupata wasemaji wengi. Swali la wabunge wa mpakani liwe jingine: meli ikisimama, nani hulipa mlinzi, pampu na rangi?