Mwezi wa Angani na Mwezi wa Mshahara

Kila kipupwe kinapoingia, neno moja la zamani hurudi barazani. Watu wa Dodoma wakishuka pwani na mahema, mishipi na ndoana, ili walale siku mbili tatu ufuoni na kuvua wakiwa wamesimama mchangani, wenyeji huwatazama kwa jicho la pembeni. Huambiwa kwamba wamekosea msimu, kwa kuwa kusi limekaza. Huambiwa kwamba wamekosea kazi, kwa kuwa uvuvi haununuliwi dukani pamoja na ndoana. Mwisho hutolewa hukumu iliyo kubwa kuliko hayo yote: mbara na bahari, wapi na wapi?

Shutuma mbili za mwanzo zina chembe ya ukweli, nazo zitajibiwa. Hukumu ya tatu haina ukweli wowote, na ubaya wake hauishii mchangani. Ndiyo hukumu ile ile inayowatenga washairi wa bara na ushairi, na wasemaji wa bara na lugha, kana kwamba bahari na Kiswahili ni mirathi ya ukoo agawiwayo mtu kwa damu. Bahari haina ukoo, ina kalenda. Aijuaye kalenda hiyo ni mtu wake, awe amezaliwa Nungwi au Kongwa. Asiyeijua ni mgeni wake, hata kama kitovu chake kimezikwa chini ya mnazi.

Achukuliwe mtumishi mmoja wa Dodoma. Mji wake umekaa juu ya uwanda, takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua humwaga mkono wa buriani kati ya Aprili na Mei, wala hairudi hadi Novemba au Desemba. Mwezi wa Julai baridi ya usiku hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14, mchana upepo huzoa vumbi jekundu, na mito yote ni mchanga mtupu. Mtu huyo akitamani kusikia maji yakivunjika, ana kosa gani? Isitoshe, tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, kwa kutimiza uamuzi wa mwaka 1973, wana wa pwani wengi wamekuwa wakazi wa uwanda huo. Huyo mbara anayechekwa huenda ni mjukuu wa Kilwa. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeifanya safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam, iliyokuwa ikila siku nzima barabarani, kuwa ya saa chache tu. Watakuja wengi zaidi. Kicheko cha barazani hakitawazuia. Kitawanyima mwalimu tu.

Na mwalimu wanamhitaji, hilo halifichiki. Kosa kubwa la safari hizi hufanyika Dodoma kwenyewe, siku ya kupanga. Tarehe huchaguliwa kwa mwezi wa mshahara: fedha zimeingia, Ijumaa inafuatwa na siku mbili za mapumziko, basi twende. Wasafiri hufika Bagamoyo saa nne asubuhi, hukuta bahari imekimbia, tope na mchanga vimetanda hadi mbali, na kumtupia samaki ndoana ni sawa na kuitupa uwanjani. Husema pwani haina samaki. Kumbe samaki wapo, na wao wamekuja bila miadi.

Safari ya ufuoni hupangwa kwa mwezi wa angani. Mwezi ukiandama, na ukipevuka, bamvua huja. Maji hujaa sana na hupwa sana, na katika mkondo wa Unguja tofauti ya juu na chini hufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo huinuka na kushuka kwa uvivu, pengine mita moja na kidogo. Siku za bamvua kupwa kukubwa huangukia karibu na saa nne au saa tano, asubuhi na usiku, na kujaa huangukia karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri. Kila siku ipitayo, majira hayo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Hesabu hii haihitaji chombo chochote. Mwenye kalenda ya Hijria ukutani anayo bamvua mkononi: siku tatu nne za mwanzo wa mwezi, na siku tatu nne baada ya kumi na nne.

Anayeijua hesabu hiyo hupanga hivi. Huchagua siku ya nne au ya tano baada ya mwandamo, ambapo bamvua limeanza kulegea na maji hayakimbii tena mbali. Siku hizo maji huanza kupanda adhuhuri ikishapita, na hujaa jua likizama au baada yake kidogo. Hapo ndipo wakati wa kusimama na mshipi, kwa kuwa samaki huyafuata maji yanayopanda, yakiufunika mchanga ambao mchana ulikuwa wazi, ili wale kaa wadogo na kamba. Chambo ni ngisi au kamba aliyenunuliwa kwa wavuvi asubuhi hiyo, wala si nyama iliyoletwa na treni. Hema hupigwa juu ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na bamvua lililopita. Atakayelipiga chini ya mstari huo, kwa kuwa jioni ya maji mafu ameuona mchanga mkavu, kisha akakaa hadi bamvua, ataamshwa alfajiri na bahari ikimdai mto wake wa kulalia. Na aingiapo majini aburure nyayo badala ya kuzinyanyua, kwa maana taa hujifukia mchangani, na mwiba wa taa haumuulizi mtu kabila.

Sasa lijibiwe la msimu. Ni kweli kusi hukaza Juni, Julai na Agosti, na ngalawa nyingi hulala kwa siku kadhaa. Lakini aliyesimama ufuoni hahitaji ngalawa. Anachohitaji ni kujua upepo unatoka wapi na nini kinaukinga. Kusi huja kutoka kusini na kusini-mashariki. Mwenye akili hutafuta upande uliopewa mgongo na kisiwa, au na rasi, au na mwamba. Kwenye mwambao wa Saadani, kwa mfano, Unguja yenyewe hupunguza kwa kiasi nguvu ya mawimbi ya bahari kuu. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ya pekee Tanzania Bara inayogusa Bahari ya Hindi. Kwa hiyo hema halipigwi popote wala mshipi hautupwi bila kibali, na mlango wa mto Wami una viboko na mamba wasiojua mapumziko ya mtumishi. Hayo yote huulizwa kabla ya kukata tiketi. Na kipupwe kina fadhila yake: masika yamepita, mbu wamepungua, jua halichomi, na usiku wa pwani, ambao mwenyeji huuita baridi, kwa mtu wa Dodoma ni shuka nyepesi.

Hata mazoezi yanaweza kufanywa nyumbani. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, liko mwendo mfupi kutoka mjini. Mtera nako kuna wavuvi wa kazi. Katika kinamasi cha Bahi, miaka ya mvua njema, watu huvua kambale na perege pale ambapo miaka ya ukame hupita ng'ombe. Kutupa chubwi bila kujinasa, kusimamisha hema penye upepo, kukaa kimya saa mbili kwa kutumaini mtikisiko mmoja wa mshipi: haya hujifunzwa Hombolo. Bahari ibakiziwe yale ambayo ni bahari peke yake iwezayo kuyafundisha.

Baada ya kusemwa hayo, swali ligeuzwe lielekezwe barazani. Ni vijana wangapi wa pwani na visiwani wanaoweza kuipanga safari hiyo ya siku tatu bila kuuliza? Ni wangapi wajuao leo, wakati wakisoma mistari hii, kama maji yanapwa au yanajaa? Bamvua, maji mafu, chubwi, matlai, maleleji: maneno haya yalikuwa chakula cha kila nyumba, na sasa katika nyumba nyingi ni vyombo vya kabatini. Adhabu yake inaonekana katika ushairi. Bahari imejaa katika beti, lakini ni bahari isiyokupwa. Kusi huvumishwa mwezi wa Januari kwa sababu vina vimelitaka. Kaskazi hupewa majahazi ya kwenda Arabuni, ilhali mababu walikwenda kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Mshairi wa namna hiyo amezaliwa pwani, na ufuo wake ni ule ule wa mtumishi aliyekuja kwa mwezi wa mshahara: picha nzuri isiyokuwa na saa.

Kwa hiyo mbara anayeketi Dodoma wiki tatu kabla ya safari, akihesabu mwandamo, akiuliza neno la chubwi na maana ya maji mafu, anafanya kazi ambayo baraza limeiacha. Anayarudishia maneno matumizi yake. Neno haliishi kamusini. Huishi pale linapomwokoa mtu asilowe hema.

Tena baraza likumbuke kwamba zamani mwanafunzi alikuwa yeye. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Bagamoyo ilipanda uwanda huo huo ikielekea Unyanyembe na Ujiji. Kati ya Mpwapwa na Ugogo ilikuta nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali, maana yake maji makali. Wapwani waliojua kila mkondo wa bahari walikuwa wajinga hapo. Ilibidi watirikeze, waondoke mchana na kulala bila maji, kisha wakifika Ugogo watoe hongo ya nguo, shanga na nyaya ndipo waruhusiwe kupita na kuchota visimani. Walipanga safari zao kwa kalenda ya Wagogo, si kwa ya kwao. Asiyepanga aliacha mifupa njiani. Haikusemwa kwamba mpwani na nyika ni wapi na wapi. Aliuliza, akalipa, akapita.

Na Kigogo huyaita maji malenga. Asiwepo wa kuyafanya maneno hayo mawili ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa sauti kufanana si nasaba. Lakini ni fumbo zuri kwamba neno ambalo pwani humvika mshairi taji, uwandani huzima kiu. Ugogo ulimtoa malenga kwa maana zote mbili: Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, aliyeandika historia na desturi za Wagogo iliyotoka mwaka 1954, diwani yake mwaka 1963, na ambaye jina lake halitengani na ngonjera. Mwaka ule ule wa 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mikononi mwa Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Watu wawili wa bara, mmoja wa ukame na mmoja wa ziwa, waliingia katika mizani na vina vya pwani kwa njia moja: walijifunza kalenda ya sanaa hiyo hadi ikawatii. Aliye tayari kuwafuta kwa sababu ya mahali walipozaliwa na awafute, kisha ahesabu kilichobaki.

Hili halimaanishi kwamba kila anayeshuka na hema anastahili salamu. Yupo ajaye na spika za kuitingisha minazi, aachaye chupa za plastiki pale alipolala, akataye mikoko kwa kuni ya usiku mmoja, na ambaye samaki wa pekee aliyemgusa ni yule aliyempa mvuvi fedha ili apige naye picha. Huyo akemewe, na kosa lake liitwe kwa jina lake, ambalo ni uchafu na utovu wa adabu. Lisiitwe ubara, kwa maana wapo wazaliwa wa mwambao wafanyao hayo hayo, na wapo wenye fedha waujengeao ufuo ukuta ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa bahari. Hema la siku mbili huondoka. Ukuta haupwi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa Dodoma anakuja na maswali, na maswali hayo ndiyo dawa. Atakapomuuliza mzee wa ufuoni maji yatajaa saa ngapi, mzee atalazimika kukumbuka; na mjukuu aliyekaa kando, ambaye hajawahi kuuliza, atasikia jibu kwa mara ya kwanza.

Mwezi utaandama bila kumngoja mtu. Atakayeutazama juu ya vumbi la Dodoma na atakayeutazama juu ya mlingoti wa Malindi watauona ule ule, siku ile ile. Bahari itamjibu yule aliyehesabu.